Kutoka Kawajense hadi Chuoni na Kazini: Ufafanuzi kwa Wanafunzi wa Kaya za Kipato cha Chini

MPANDA, KATAVI

Kwa kaya nyingi za Kata ya Kawajense, Manispaa ya Mpanda, siku mwanafunzi anapopata nafasi ya chuo ni siku ya furaha na ya hesabu nzito. Ada, nauli, godoro, chakula cha wiki za mwanzo na bima ya afya hudaiwa kwa wakati mmoja. Mkopo wa Serikali au ufadhili huondoa sehemu kubwa ya mzigo huo, lakini haumalizi kazi yote. Kati ya barua ya kupokelewa chuoni na siku ya kuajiriwa au kujiajiri kuna miaka 3 hadi 5, na kila mwaka una mahali pake pa kujikwaa.

Makala hii inafafanua msaada uliopo, masharti yake, hatua zinazompasa mwanafunzi na familia yake, na mambo yanayowafanya baadhi ya wanafunzi wa kipato cha chini waishie njiani ilhali walikwisha kupata fedha za kusomea.

Mazingira ya Kawajense na Mkoa wa Katavi

Kawajense ni miongoni mwa kata za Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kugawanywa kutoka Mkoa wa Rukwa, na una Wilaya za Mpanda, Mlele na Tanganyika. Wakazi wake wengi huishi kwa kilimo cha mahindi, mpunga, karanga na tumbaku, ufugaji, urinaji wa asali, biashara ndogo na uchimbaji mdogo wa dhahabu.

Mapato ya aina hiyo yana msimu. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwezi Novemba na kumalizika Aprili. Mazao huvunwa katikati ya mwaka, wakati bei iko chini kwa sababu kila mkulima anauza. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba, wakati akiba ya kaya imepungua na fedha iliyosalia inahitajika kwa mbegu na mbolea. Hivyo mwanafunzi huondoka nyumbani katika miezi ambayo familia ina uwezo mdogo zaidi wa kumsindikiza. Kaya inayofahamu kalenda hii mapema huweza kutenga gunia kadhaa za mavuno kwa ajili ya safari ya chuo badala ya kuuza yote mwezi Julai.

Umbali nao una gharama. Vyuo vikuu vingi vikubwa viko Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro na Mbeya. Safari ya kwenda Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilomita 1,000, iwe kwa basi au kwa treni ya Reli ya Kati kupitia tawi la Kaliua hadi Mpanda. Mwanafunzi aliyefiwa au aliyeugua hawezi kurudi nyumbani mwisho wa wiki na kuwahi kipindi cha Jumatatu.

Ndani ya mkoa zipo fursa ambazo wakati mwingine husahaulika. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina chuo Mpanda, na katika Halmashauri ya Nsimbo kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya.

Historia fupi ya ugharamiaji

Baada ya Uhuru, Serikali iligharamia elimu ya juu kwa idadi ndogo ya wanafunzi waliochaguliwa. Idadi ilipoongezeka na uchumi kuyumba, sera ya kuchangia gharama ilitangazwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuanza kutekelezwa kwa awamu katika miaka ya 1990. Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, na Bodi hiyo ikaanza kazi Julai 2005. Nchi jirani zilifuata njia inayofanana: Kenya ilianzisha bodi yake ya mikopo mwaka 1995, na Uganda ikatunga sheria yake mwaka 2014.

Fedha zinazotengwa kwa mikopo nchini zimeendelea kukua. Mwaka wa fedha 2020/21 zilikuwa Sh bilioni 464, mwaka 2021/22 zikapanda hadi Sh bilioni 570, na mwaka 2024/25 zikavuka Sh bilioni 780.

Katika ngazi za chini, elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa shule za msingi hadi Kidato cha Nne, na katika mwaka wa fedha 2022/23 ikafikishwa Kidato cha Tano na cha Sita. Matokeo yake ni kwamba watoto wengi zaidi wa kaya maskini sasa hufika mlango wa chuo. Swali lililobaki ni wangapi kati yao watatoka upande wa pili wakiwa na cheti mkononi.

Aina za msaada zilizopo

*Mkopo wa shahada ya kwanza.* Hutolewa na HESLB kwa Mtanzania aliyepata udahili katika chuo kinachotambuliwa na ambaye hana uwezo wa kujigharamia. Mkopo hugawanywa katika vipengele: chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku. Vitabu na viandikwa ni Sh 200,000 kwa mwaka. Kiwango cha mkopo hutegemea uhitaji. Si kila mwanafunzi hupangiwa ada yote. Kipaumbele hutolewa kwa yatima, wenye ulemavu, watoto wa wazazi wenye ulemavu, na wanafunzi kutoka kaya zilizo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF.

*Mkopo wa stashahada.* Ulianza mwaka wa masomo 2023/24 kwa fani za kipaumbele. Miongoni mwake ni afya na sayansi shirikishi, ualimu wa masomo ya sayansi, hisabati na ufundi, usafirishaji na usafirishaji wa mizigo, uhandisi wa nishati, madini na sayansi ya dunia, pamoja na kilimo na mifugo. Kwa Katavi, mkoa wa kilimo na madini, fani hizo zina soko karibu na nyumbani.

*Samia Scholarship.* Ni ufadhili, si mkopo, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wanafunzi waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi Kidato cha Sita na kudahiliwa katika fani za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Aliyepata ufadhili huu hatakiwi kurejesha fedha, lakini anatakiwa kudumisha ufaulu unaokubalika.

*Mafunzo ya ufundi stadi.* Ada katika vyuo vya VETA imekuwa Sh 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo ni 54 nchini, hupokea pia wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho. Kwa kijana ambaye kaya yake haiwezi kusubiri miaka 4, ufundi wa umeme, useremala, ushonaji au magari ni njia kamili ya kufika kazini.

Nyaraka: kazi ya kufanywa kabla ya matokeo

Maombi ya mkopo hufanywa kwa mtandao kupitia mfumo wa HESLB, na dirisha kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka. Ada ya maombi imekuwa Sh 30,000, inayolipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Katika miezi hiyohiyo wahitimu wengi wa Kidato cha Sita huwa katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mafunzo ya mujibu wa sheria. Kijana aliye kambini hawezi kuzunguka ofisi za Mpanda kutafuta karatasi. Kwa hiyo nyaraka zikusanywe kabla hajaondoka, na mzazi au mlezi ajue kila moja ilipo.

Nyaraka muhimu ni hizi:

1. Cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Uthibitisho huombwa kwa mtandao na huchukua muda.
2. Cheti cha kifo cha mzazi, kwa mwombaji aliye yatima, nacho kikiwa kimethibitishwa na RITA. Vifo vingi vya vijijini havikusajiliwa vilipotokea. Familia ianze mapema utaratibu wa usajili uliochelewa.
3. Namba ya kaya ya TASAF, kwa kaya iliyo katika Mpango. Jina la mwanafunzi kwenye orodha ya kaya lifanane na jina la vyeti vya shule.
4. Uthibitisho wa ulemavu wa mwombaji au mzazi kutoka kwa mganga mkuu anayehusika.
5. Kitambulisho au namba ya Taifa ya NIDA, namba ya mtihani wa Kidato cha Nne, picha na akaunti ya benki iliyo hai kwa jina la mwanafunzi.
6. Mdhamini mwenye kitambulisho, na fomu iliyosainiwa na kiongozi wa serikali ya mtaa pamoja na kamishna wa viapo au wakili.

Kosa dogo la herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha Kidato cha Nne huweza kusimamisha maombi. Vivyo hivyo kurasa zilizosainiwa zinaposahaulika kupakiwa mfumoni. Mwombaji asome mwongozo wa mwaka husika mwenyewe, kwa kuwa masharti hubadilika, na arudi mfumoni mara kwa mara kuangalia kama ametakiwa kufanya marekebisho.

Mkoa wa Katavi una jambo lake la pekee. Makazi ya Katumba na Mishamo yalipokea wakimbizi waliokimbia Burundi mwaka 1972, na mwaka 2014 Serikali ilianza kuwakabidhi wengi wao vyeti vya uraia wa Tanzania. Watoto wao ni Watanzania na wana haki sawa ya kuomba mkopo. Familia hizo zihifadhi vyeti vya uraia mahali salama, na zihakikishe majina ya watoto yanawiana katika nyaraka zote.

Asiyeridhika na upangaji wa mkopo ana haki ya kukata rufaa dirisha linapofunguliwa, akiambatisha vielelezo ambavyo havikuwapo awali.

Mwaka wa kwanza: mahali pa hatari

Wiki 4 za kwanza ndizo ngumu zaidi. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, haiingii siku ya kwanza. Mwanafunzi lazima kwanza asajiliwe chuoni, awasilishe taarifa za benki na athibitishe kupokea malipo. Ada huenda moja kwa moja chuoni, na fedha ya kujikimu humfikia mwanafunzi. Asiyesaini kwa wakati huhatarisha fedha yake kurudishwa HESLB. Bima ya afya kwa wanafunzi imekuwa Sh 50,400 kwa mwaka, na hulipwa wakati wa usajili. Kaya ikiweza, imtume mwanafunzi akiwa na fedha ya mwezi mmoja. Isipoweza, mwanafunzi afike ofisi ya mshauri wa wanafunzi siku za mwanzo na kueleza hali yake, badala ya kujificha chumbani kwa rafiki.

Malipo yanapoingia, mtihani mwingine huanza. Kwa Sh 10,000 kwa siku, siku 60 ni Sh 600,000. Mwanafunzi aliyezoea kuona fedha hiyo nyumbani baada ya mavuno tu huweza kuiona ni nyingi. Lakini ikigawanywa kwa pango, milo, nauli, intaneti na nakala za masomo, inatosha kwa shida. Wapo wanaotuma sehemu nyumbani kwa ajili ya ada ya mdogo wao au matibabu ya mzazi. Ni tendo la upendo, ila lisipopimwa humfanya mwanafunzi ashinde na njaa wakati wa mitihani. Ni vyema mzazi na mwanafunzi wakubaliane kabla ya safari kwamba fedha ya chakula ni ya chakula, na kwamba shida ya nyumbani itazungumzwa kabla ya fedha kutumwa.

Ugumu wa masomo nao huja mapema. Mihadhara huwa na watu wengi, lugha ni Kiingereza, na kazi nyingi hufanywa kwa kompyuta. Kijana ambaye shule yake haikuwa na kompyuta za kutosha huanza akiwa nyuma ya wenzake, si kwa akili bali kwa mazoea. Vikundi vya kujisomea, maktaba na wahadhiri wanaopokea wanafunzi ofisini ni msaada usio na malipo. Anayeshindwa somo hufanya mtihani wa marudio, maarufu kwa jina la sapu. Anayelibeba kwenda mwaka unaofuata huongeza mzigo juu ya mzigo. Dalili za mapema, yaani alama duni za kazi za ndani, ndizo za kushughulikiwa, si kusubiri matokeo ya mwisho.

Kuacha chuo hakufuti deni

Jambo hili halifahamiki vya kutosha. Mkopo ni deni hata kama masomo hayakukamilika. Chukua mfano wa mwanafunzi aliyepangiwa ada ya Sh 1,000,000, chakula na malazi kwa siku 240 sawa na Sh 2,400,000, na vitabu Sh 200,000. Akiacha chuo mwisho wa mwaka wa kwanza, anadaiwa Sh 3,600,000 na hana cheti cha kumwezesha kupata kazi ya kulipia deni hilo. Mwenzake aliyemaliza anadaiwa zaidi, lakini ana shahada. Kwa kaya ya Kawajense, tofauti ya watu hao wawili ni tofauti ya kizazi kizima.

Mkopo wa mwaka unaofuata hutegemea matokeo yanayomruhusu mwanafunzi kuendelea. Anayeondolewa chuoni kwa kushindwa, hali inayojulikana kama disko, hupoteza nafasi na mkopo. Anayerudia mwaka apate kwanza maelezo ya maandishi kutoka kwa afisa mikopo wa chuo kuhusu hatima ya fedha zake.

Mwanafunzi anayepatwa na ugonjwa, ujauzito, msiba au shida nyingine kubwa ana njia halali: kuahirisha masomo. Utaratibu ni kuandika barua, kuambatisha uthibitisho, kupata kibali cha chuo na kuhakikisha HESLB imearifiwa. Aliyeahirisha kwa kibali hurudi na kuendelea alipoishia. Aliyeondoka kimya huhesabika kuwa ametoroka masomo, na mlango wa kurudi huwa mwembamba. Barua moja ndiyo inayowatenganisha.

Wanaotaka kuhama chuo au programu wafuate taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, au za Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, na wahakikishe mkopo unahamishwa pia. Kabla ya yote, programu na chuo vithibitishwe kuwa vinatambuliwa na mamlaka hizo.

Maandalizi ya kazi yaanze kabla ya mwaka wa mwisho

Mwanafunzi wa kaya yenye uwezo mara nyingi ana mjomba ofisini au rafiki wa baba mwenye kampuni. Mwanafunzi wa kipato cha chini hana mtandao huo. Hujenga wake mwenyewe, na nafasi ya kwanza ya kuujenga ni mafunzo kwa vitendo. Wiki anazokaa katika hospitali, halmashauri, mgodi, benki au shule ni wiki ambazo msimamizi anamtazama. Kuwahi kazini, kuandika kumbukumbu za kila siku na kuomba barua ya utambulisho mwishoni ni mtaji. Mwanafunzi wa Katavi anaweza kuomba kufanyia mafunzo hayo Mpanda, akapunguza gharama za pango na kufahamika kwa waajiri wa nyumbani.

Ni muhimu pia kujua mapema kwamba fani kadhaa zina hatua baada ya chuo:

- Wahitimu wa uhandisi hupitia mafunzo ya uanagenzi ya miaka 3 yanayosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya kusajiliwa kuwa wahandisi wataalamu.
- Madaktari hufanya mafunzo ya utarajali ya miezi 12 kabla ya leseni kamili.
- Anayetaka kuwa wakili lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo baada ya shahada.
- Wahasibu hufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA.

Kaya inayodhani mtoto ataanza kuleta mshahara mwezi mmoja baada ya mahafali huweza kumkatisha tamaa hatua moja kabla ya kufika.

Baada ya mahafali

Ajira za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia Ajira Portal. Mhitimu hufungua akaunti, hupakia vyeti, cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, na huitwa kwenye usaili wa kuandika na wa mahojiano. Hata walimu sasa hupitia usaili. Kwa hiyo vitabu visigawiwe siku ya mahafali.

Ofisi ya Waziri Mkuu husimamia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi. Ndani yake kuna mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu wa vyuo, uanagenzi kwa vijana wanaojifunza ufundi, na urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Sehemu hii ya mwisho inamhusu fundi mwashi au makanika wa Mpanda aliyejifunza gereji kwa miaka mingi bila cheti: hupimwa, hujaziwa mapengo, na hupewa cheti kinachotambulika.

Anayetaka kujiajiri anaweza kuungana na wenzake katika kikundi na kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa ajili hiyo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mhitimu wa kilimo, mifugo au ufugaji nyuki katika Manispaa ya Mpanda aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Urejeshaji wa mkopo wa elimu ni wajibu wa kisheria. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa msingi wa Sh 800,000, kwa mfano, hukatwa Sh 120,000 kwa mwezi. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, tozo iliyokuwa ikifanya deni likue wakati mhitimu analipa. Aliyejiajiri naye hutakiwa kujitokeza na kupanga namna ya kulipa. Fedha inayorejeshwa ndiyo inayomkopesha mwanafunzi anayefuata, pengine kutoka mtaa uleule.

Nani afanye nini

*Mwanafunzi* asome mwongozo mwenyewe, ahifadhi nakala za nyaraka zote kwa karatasi na kwenye simu, asaini malipo kwa wakati, na aseme mapema anapolemewa.

*Mzazi au mlezi* aanze kushughulikia vyeti mtoto akiwa Kidato cha Tatu, atenge sehemu ya mavuno kwa safari ya kwanza, na asimfanye mwanafunzi kuwa mlezi wa kaya kabla hajahitimu.

*Viongozi wa mtaa na kata* wasaini fomu bila kuchelewesha na bila malipo yasiyo halali, na wawatambue wanafunzi yatima na wa kaya za TASAF kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Orodha fupi katika ofisi ya mtendaji wa kata, yenye majina ya wanafunzi wa kidato cha mwisho na nyaraka wanazokosa, haihitaji bajeti.

*Shule za sekondari* ziwasaidie wanafunzi kulinganisha majina katika vyeti, na ziwape ushauri wa fani, ikiwemo mkondo wa amali uliowekwa katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023.

*Wahitimu* waliotoka Kawajense, hata wakiishi mbali, wana kitu kisichonunuliwa: wanajua chumba cha bei nafuu kiko wapi, somo lipi ni gumu, na ofisi ipi hufunguliwa saa ngapi. Simu moja kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwezi Novemba huweza kumzuia kufungasha mizigo.

Tahadhari

Msimu wa mikopo huvuta matapeli. Hakuna mtu binafsi mwenye uwezo wa kumwongezea mwombaji asilimia za mkopo, na hakuna malipo halali yanayotumwa kwenye namba ya simu ya mtu. Malipo yote ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Nywila ya akaunti ya mwombaji ni siri yake. Anayesaidiwa kujaza fomu kwenye duka la intaneti abadilishe nywila baadaye na ahakiki kila taarifa kabla ya kuwasilisha. Taarifa za tarehe za maombi, upangaji na rufaa zichukuliwe katika tovuti na kurasa rasmi za HESLB, TCU, NACTVET na VETA, na maswali kuhusu nyaraka yapelekwe ofisi ya mtendaji wa kata, ofisi ya Mkuu wa Wilaya au ofisi za Manispaa ya Mpanda katika saa za kazi.